Mshahara umefika, nauli ya likizo iko wapi?

Wiki ya mwisho ya Juni korido za halmashauri hujaa watu wenye bahasha za kaki. Nilikuwa kwenye benchi moja la aina hiyo, nje ya masijala ya halmashauri mojawapo ya mkoa wa Dodoma, nikifuatilia mambo yangu ya kiwanja. Pembeni yangu alikaa muuguzi wa zahanati ya kijijini, vumbi la bodaboda halijatoka kwenye viatu. Ndani ya bahasha yake mlikuwa na barua ya uhamisho, barua ya kuomba nauli ya likizo, cheti cha ndoa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu. Tulipozoeana kidogo akaniuliza: "Kaka, mshahara wangu unaingia kila mwezi bila kumpigia mtu magoti. Hizi nyingine mbona mpaka nizifuate?"

Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Watu wengi hulijibu kwa neno moja: roho mbaya. Wengine husema mkurugenzi amekula. Yapo hayo, sikatai, lakini hata ukiweka malaika pale kwenye kiti cha mkurugenzi, mshahara bado utafika kabla ya nauli. Sababu ni kwamba stahiki za mtumishi wa afya hazitoki kwenye mfuko mmoja. Baadhi zimepanda basi la mshahara, na basi hilo linaondoka Hazina kila mwezi. Nyingine zinatembea kwa miguu.

Tuanze na mwajiri, maana hapo ndipo watu wanapopoteza nauli nyingine wakifuatilia nauli. Muuguzi wa zahanati aliomba kazi kupitia mfumo wa ajira wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Muundo wa kada yake na ngazi za mshahara zinasimamiwa na Ofisi ya Rais, Utumishi. Miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya. Fedha ya mshahara inatoka Hazina. Ofisi hizi ziko Dodoma, tena Mji wa Serikali pale Mtumba ni mwendo wa daladala tu, kwa hiyo mtu akichelewa kulipwa anaona bora aende "juu" moja kwa moja. Anafika getini, anaandika jina kwenye kitabu, anapanda ghorofa, na anaambiwa rudi kwa mwajiri wako. Mwajiri wake ni Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Barua yake ya likizo, uhamisho wake wa ndani, faili lake na madai yake vyote vinaanzia na kuishia kwa mkurugenzi huyo, hata kama aliyempangia kituo yuko Mtumba.

Kuna mpaka mmoja unaochanganya hata wenyeji wa mjini. Hospitali za rufaa za mikoa zilihamishwa kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya mwishoni mwa 2017. Muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo sisi bado tunaiita General, yuko chini ya wizara. Mwenzake wa Kituo cha Afya Makole, umbali wa kutembea, yuko chini ya Jiji. Walisoma chuo kimoja, wana daraja moja na mshahara mmoja, lakini nauli zao za likizo zinaombwa kwenye meza mbili tofauti, na fedha zake zinatoka kwenye mafungu mawili yasiyojuana.

Sasa lile basi la mshahara. Kwa mtumishi wa kudumu, michango ya hifadhi ya jamii inakatwa humo humo kwenye mfumo wa malipo. Kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulioundwa kwa sheria ya 2018, yeye anachangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15. Kwa bima ya afya ya NHIF kila upande unatoa asilimia 3. Kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mtumishi hakatwi kitu. Anayelipa ni mwajiri, asilimia 0.5. Likizo ya uzazi nayo, siku 84, au 100 kwa mapacha, ni mshahara uleule unaoendelea kuingia mama akiwa nyumbani. Hizi zote hazihitaji mkurugenzi aamue kila mwezi, na hazishindani na dizeli ya gari la wagonjwa. Zinafika.

Zinazotembea kwa miguu ndizo nyingi, na nyingi zimeandikwa kwenye Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009. Kitabu hicho kingekuwa kinagawiwa pamoja na barua ya ajira, ofisi za utumishi zingepata nafasi ya kupumua. Kinasema mtumishi alipiwe nauli ya likizo mara moja kila baada ya miaka miwili, yeye, mwenza wake na watoto au wategemezi wasiozidi wanne. Anayehamishwa kwa manufaa ya umma alipwe posho ya kujikimu ya siku za mwanzo, gharama ya kusafirisha familia na mizigo, na posho ya usumbufu ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wake wa mwaka. Mtumishi akifariki, mwajiri agharimie jeneza na usafiri wa mwili. Juu ya hayo kada za afya zina vyao: posho ya sare kwa wauguzi, posho ya kuitwa kazini, posho ya kazi za ziada.

Ukisoma kwa haraka utadhani ni vijisenti. Hebu tupige hesabu kwa namba za mfano. Muuguzi mwenye mshahara wa shilingi 700,000 akihamishwa kutoka Mpwapwa kwenda Chemba, mshahara wake wa mwaka ni 8,400,000, kwa hiyo usumbufu peke yake ni 840,000. Hapo hujaongeza kujikimu, nauli za familia wala lori la makabati. Kwenye likizo, chukulia idara ya afya yenye watumishi 300. Kwa kuwa kila mmoja anastahili mwaka mmoja ndani ya miwili, kila mwaka wanadai kama 150. Mmoja kwao ni Kondoa, mwingine Ngara, mwingine Newala, maana tunapangiwa vituo nchi nzima. Wakigawana wastani wa 400,000 kwa familia, kwenda na kurudi, ni shilingi milioni 60 kwa idara moja. Na bado hujagusa idara ya elimu, yenye walimu wengi kuliko watumishi wa afya, nao wana likizo.

Milioni 60 hizo zinatoka wapi? Hapa ndipo fundo lilipo, na tukae hapa kidogo.

Mlango wa kwanza unaitwa Matumizi Mengineyo, wenyewe ofisini wanasema OC. Ni fedha ya Serikali Kuu kwa ajili ya uendeshaji, inayokuja na ukomo wa bajeti uliokwisha kupangwa. Ndani ya ukomo huo halmashauri inaweka nauli, uhamisho, mafuta, shajala na mengineyo. Afisa utumishi anaweza kuomba stahiki zote kwa mujibu wa Kanuni, tena kwa majina, na mpangaji bajeti akamwambia ukomo hauruhusu. Hajakataa haki ya mtu, ila ameiondoa kwenye kitabu cha mwaka huu. Halafu kuwekwa kwenye bajeti ni jambo moja na fedha kushuka ni jingine. OC huja kidogo kidogo, na anayeipokea anaanza na kinachopiga kelele zaidi.

Mlango wa pili ni mapato ya ndani: ushuru wa mazao, minada, leseni, ada, viwanja. Hapa ramani ya Dodoma inasema mambo ambayo sheria haisemi. Jiji lilirithi kazi ya ardhi baada ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuvunjwa Mei 2017, na kwa miaka kadhaa mauzo ya viwanja yalilinenepesha. Bahi inategemea mpunga na mifugo, Kongwa ina soko la mahindi la Kibaigwa, Mpwapwa ina karanga na minada. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, nafuu nzuri kwa mkulima, lakini ilimega mfuko huu. Na hii ni nchi ya Wagogo, mvua ni ya kubahatisha. Mvua ikikatika Februari mahindi yakiwa yanabeba, ushuru wa Julai haupo, na muuguzi aliyepanga kumpeleka mwanawe kwa bibi Desemba anaambiwa asubiri. Haki imeandikwa kitaifa, lakini inalipwa kwa mawingu ya wilaya. Nadhani hilo ndilo kosa kubwa la mpango mzima, na siyo la mkurugenzi yeyote.

Tena mapato hayo hayako huru. Asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mujibu wa sheria, sehemu nyingine kubwa inatakiwa kwenda kwenye miradi ya maendeleo, na madiwani wanataka kuona matofali. Sijawahi kusikia diwani akiomba kura kwa kusema alilipa nauli za likizo.

Mlango wa tatu ni fedha za kituo chenyewe. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, ikiwemo ya Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wafadhili, badala ya kila kitu kupita makao makuu ya halmashauri. Vinakusanya pia malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa na malipo ya bima. Fedha ya mfuko wa pamoja ina miongozo inayosema nini kinunuliwe na nini kisiguswe, kwa hiyo posho nyingi za mtumishi zinaangukia kwenye makusanyo. Posho ya kuitwa kazini, kwa mfano, kwenye hospitali yenye wagonjwa wengi wa bima hupata pa kutokea.

Sasa ipeleke posho hiyo kwenye zahanati ya kijiji kilicho kilomita 60 kutoka lami. Sera ya afya inawasamehe malipo wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ni sera sahihi, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini angalia anayegonga mlango wa nyumba ya muuguzi saa nane usiku ni nani: ni mama mwenye uchungu, au baba aliyebeba mtoto anayetetemeka kwa malaria. Hao wote hawalipi. Kwa hiyo kadiri muuguzi anavyoamshwa usiku, ndivyo anavyohudumia watu wasioongeza shilingi kwenye akaunti ambayo ingemlipa kwa kuamshwa. Muuguzi wa hospitali ya mjini anaitwa, anasaini daftari, mwisho wa mwezi anapata chochote. Wa kijijini anaitwa zaidi, na daftari la kusaini wala hana.

Daftari hilo si jambo dogo. Posho ya kuitwa na ya kazi za ziada hulipwa kwa ratiba iliyoidhinishwa na mahudhurio yaliyosainiwa na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Muuguzi aliyeko peke yake zamu ya mchana na ya usiku, kwenye kituo chenye watumishi wawili na mmoja yuko semina, anaona aibu kujiandikia ratiba ya mtu mmoja. Ajiandikie. Bila karatasi hiyo hana dai, ana malalamiko tu, na mkaguzi hatalipitisha hata fedha ikiwepo.

Kuna dai jingine ambalo watu hulichanganya na haya, nalo lina njia yake kabisa: malimbikizo ya mshahara. Ukipandishwa daraja Julai, mfumo ukabadilishwa Novemba, tofauti ya ile miezi ya katikati ni deni la mshahara. Halmashauri inaliingiza kwenye mfumo wa taarifa za watumishi, Utumishi inahakiki, Hazina inalipa. Mkurugenzi hana fungu la kulilipa hata akikuonea huruma. Wengi wa rika langu walipata somo hili kuanzia 2016, uhakiki wa watumishi hewa na vyeti uliposimamisha upandishaji madaraja. Ripoti ya vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli hapa hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma, Aprili 2017, ikiwa na majina 9,932. Waliobaki na vyeti safi nao walikaa kwenye foleni, na foleni hiyo iliacha madeni yaliyolipwa kwa awamu miaka iliyofuata. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayedai liwe hili: deni langu ni la mshahara au si la mshahara? Jibu ndilo linaloamua usukume mlango wa nani.

Uhamisho una mtego wake. Ukihamishwa kwa manufaa ya umma unalipwa. Ukiomba mwenyewe, iwe kumfuata mume au kuuguza mzazi, barua itaandikwa kwamba gharama ni zako, na hapo huna dai. Sasa yupo mtu anayeitwa ofisini na kuambiwa kwa upole: "Andika wewe barua ya kuomba, itaenda haraka." Kweli itaenda haraka. Kwenye ule mfano wetu wa 700,000, barua hiyo ya mistari minne imemgharimu si chini ya 840,000. Serikali yenyewe imerudia mara kadhaa kuwaagiza waajiri wasimhamishe mtumishi kama hawana fedha ya kumlipa, na baadhi wamegundua kwamba njia rahisi ya kutii agizo ni kumfanya mtumishi aombe.

Kinyume chake kuna vitu ambavyo watu wanavidai kama haki na kumbe si haki. Nyumba, kwa mfano. Kanuni zina orodha ya viongozi wanaostahili nyumba ya serikali. Muuguzi wa zahanati hayumo, ingawa kwa akili ya kawaida yeye ndiye anayepaswa kulala karibu na kazi kuliko wote. Nyumba ya mtumishi ikiwepo pale kijijini ni neema ya halmashauri au nguvu za wananchi. Kadhalika godoro, sola, au kilo za mchele ambazo halmashauri nyingine humpokelea mgeni. Ni motisha, na motisha haina pa kushitakiwa.

Kwa WCF nitasema kidogo, kwa sababu fedha zipo na wanaozidai ni wachache. Kuchomwa sindano iliyotumika, kuambukizwa kifua kikuu wodini, kuanguka na pikipiki ya chanjo: hayo ni majeraha na magonjwa ya kazini, na mfuko una wajibu wa matibabu na fidia. Taarifa itolewe ndani ya miezi 12, na ianze na maandishi siku ileile, kwenye kitabu cha kituo. Wauguzi wengi hunywa dawa za kinga kimya kimya na kuendelea na zamu. Ikitokea shida miaka mitatu baadaye, hakuna karatasi inayosema sindano ilikuwa ya kazini.

Na dai likikwama? Liandikwe kupitia kwa mganga mfawidhi na Mganga Mkuu wa halmashauri kwenda kwa mkurugenzi, nakala irudi na muhuri wa masijala na tarehe. Chama cha wafanyakazi ndicho kinachofuata: TUGHE kwa wengi wa kada za afya, TALGWU kwa wengine wa serikali za mitaa. Baraza la wafanyakazi lipo kwa sheria ya 2003, na ni mahali ambapo mkurugenzi analazimika kujibu kuhusu orodha ya madeni mbele ya watu wanaomdai. Basi anayekwenda kuwakilisha idara ya afya aende na orodha yenye majina na kiasi, asiende kula wali. Juu ya halmashauri kuna Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Tume ya Utumishi wa Umma. Usikimbilie mahakamani: tangu marekebisho ya 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza njia za ndani ya utumishi. Na madeni yakirundikana, CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huyaandika kwenye ripoti yake ya serikali za mitaa, wakurugenzi wakaitwa na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Haikulipi wewe binafsi, lakini deni lililoandikwa na CAG ni gumu kulipotezea.

Wapo pia walio nje ya uzio huu wote. Mwajiriwa wa mkataba anayelipwa kwa mapato ya ndani hana lile basi la Hazina hata kwa mshahara. Mkataba wake ndio kanuni zake, na michango yake ya pensheni inaletwa na mfuko uleule unaotegemea mvua. Aulizie taarifa ya michango kila baada ya miezi michache. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kufikia wahudumu 137,294 ulizinduliwa hapa Dodoma Januari 2024, wanapokea posho na si mshahara wa utumishi wa umma, kwa hiyo hakuna nauli ya likizo wala posho ya usumbufu ya kuizungumzia, hata kama wao ndio wanaotembea zaidi.

Yule dada wa benchini aliitwa kabla yangu. Niliona karani akipekua bahasha yake taratibu, akapanga karatasi, akagundua nakala ya barua ya nauli ni moja tu. Akamtuma akatoe nakala kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara. Alirudi anahema. Karani akapiga muhuri, akasogeza wino kidogo, akapiga wa pili kwenye nakala yake na kuandika tarehe kwa kalamu: 27 Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30.

"Sista," karani akasema huku akimrudishia, "barua yako imeshaingia. Ila hili sasa ni la mwaka mpya."